Rangi ya bitiruti au chumvi ya jani: njia mbili za kupima jinsi halijoto inavyobadilisha utando wa seli ya mmea

Kila mwaka wanafunzi wa kidato cha tano wanapofika kwenye mada ya seli, mwalimu wa baiolojia hapa Tanga hulazimika kuamua jambo moja kabla hajaenda sokoni: atawaonyeshaje vijana wake kwamba halijoto hubadilisha upenyezaji wa utando wa seli, yaani uwezo wa utando huo kupitisha vitu au kuvizuia? Njia mbili zinawezekana katika maabara zetu bila gharama kubwa. Ya kwanza ni kupima rangi inayovuja kutoka kwenye vipande vya bitiruti vilivyopashwa moto. Ya pili ni kupima chumvi zinazovuja kutoka kwenye jani au kiazi, kwa kifaa kidogo kinachoonyesha jinsi maji yanavyopitisha umeme. Nimezitumia zote mbili kwa miaka kadhaa, na ninaandika kwa ajili ya mwalimu mwenzangu, au mwanafunzi anayeandaa mradi wake, ambaye ana siku moja tu ya maabara na anapaswa kuchagua.

Niseme mapema msimamo wangu, kwa sababu ndio utakaoongoza ulinganisho wote. Mara nyingi njia hizi hupangwa kana kwamba moja ni ya shule zisizo na kitu na nyingine ni ya shule zenye uwezo, na kwamba aliyepata kifaa cha umeme hana tena haja ya bitiruti. Sivyo ilivyo. Njia hizi mbili haziulizi swali moja. Rangi hukujulisha kwamba utando umeshindwa, ilhali chumvi hukujulisha kwamba utando umeanza kulegea. Kwa hiyo mwenye kuchagua achague swali kwanza, kisha ndipo achague kifaa.

Kinachovuja na kinakotoka

Utando wa seli ni mwembamba mno, unene wake ukiwa nanomita 7 hadi 10 hivi, na umejengwa kwa safu mbili za molekuli za mafuta ziitwazo fosfolipidi, huku protini zikiwa zimejichomeka humo hapa na pale. Picha hii ya utando kama kitu laini chenye mwendo ndani yake, wala si ukuta mkavu, ilitolewa na watafiti Singer na Nicolson mwaka 1972, na bila picha hiyo suala la halijoto haliwezi kueleweka. Mimi huanza somo kwa chupa ya mafuta ya nazi. Mafuta hayo huyeyuka yanapofika nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na ndiyo maana hapa mjini Tanga, ambako mchana wa kawaida huzidi kiwango hicho, tunayajua kama kitu cha majimaji. Lakini chupa hiyohiyo ukiipeleka Lushoto, kule juu katika milima ya Usambara, katika miezi ya baridi utaikuta asubuhi imeganda na kuwa nyeupe kama samli. Mikia ya fosfolipidi nayo ina tabia ya namna hiyo: ikipata baridi hujipanga na kukakamaa, ikipata joto hutikisika na kuachana. Wanafunzi wa pwani wanaielewa chupa ile haraka kuliko mchoro wowote niliowahi kuuchora ubaoni.

Joto linapozidi, protini nazo hupoteza umbo lake, kama ute wa yai unavyobadilika kwenye sufuria, na hapo utando hubaki na mapengo ambayo hayazibiki tena hata ukirudisha ubaridi. Tofauti hii kati ya kulegea kunakorekebishika na kuharibika kusikorekebishika ndiyo kiini cha ulinganisho wetu.

Rangi nyekundu ya bitiruti iitwayo betanini hukaa ndani ya vakuoli, ile hifadhi kubwa ya maji iliyo katikati ya seli, na ili itoke nje inapaswa kuvuka tando mbili: utando wa vakuoli yenyewe, kisha utando wa nje wa seli. Ukuta wa seli hauhesabiki katika safari hii, kwa maana huiacha ipite. Betanini ni molekuli kubwa, uzito wake wa molekuli ukiwa 550 hivi. Chumvi, kwa upande wake, ni ioni ndogo, yaani chembe zenye chaji ya umeme, na iliyo nyingi kuliko zote katika seli za mmea ni potasiamu, ambayo uzito wake ni 39. Tena sehemu ya potasiamu hiyo imo katika saitoplazimu, ule ute wa seli unaoizunguka vakuoli, ambako inatenganishwa na nje kwa utando mmoja tu. Hebu msomaji aziweke namba hizo mbili pamoja, 550 inayovuka tando mbili na 39 ambayo sehemu yake huvuka mmoja, naye ataona mwenyewe kwa nini chumvi hutangulia na rangi hufuata.

Njia ya rangi

Bitiruti haikuingia maabara juzi. Mwaka 1871 mwanabotania Mholanzi Hugo de Vries alichapisha uchunguzi wake kuhusu upenyezaji wa saitoplazimu ya bitiruti nyekundu, na sababu iliyomfanya aichague ni ileile inayotufanya sisi tuichague leo: mmea wenyewe umebeba kiashiria chake, huna haja ya kuongeza kemikali yoyote. Kwetu bitiruti hupatikana katika soko la Mgandini pamoja na karoti na kabichi zinazoshuka kutoka milima ya Usambara. Chagua iliyo ngumu, isiyo na michubuko, na ambayo ukiikata haina miviringo mipana myeupe, kwa sababu kipande kilichoangukia kwenye mviringo mweupe kina rangi kidogo tangu mwanzo na kitakudanganya.

Hatua ambayo walimu wengi huipita kwa haraka ndiyo inayoamua kila kitu, nayo ni kuosha. Kisu kinapopita kwenye bitiruti hupasua maelfu ya seli, na rangi ya seli hizo zilizopasuka haihusiani kabisa na halijoto. Mwaka mmoja nilikuwa na haraka, nikaruhusu vipande visuuzwe mara moja tu, na mwisho wa kipindi mrija wa halijoto ya chumba ukawa mwekundu kuliko wa nyuzi 40. Binti mmoja aliandika kwa uaminifu kwamba joto hupunguza upenyezaji, na hakuwa na kosa, aliandika alichokiona. Tangu siku hiyo vipande hulala kwenye bakuli la maji usiku kucha, hubadilishiwa maji asubuhi, kisha husuuzwa hadi maji yabaki meupe kwa dakika tano nzima bila hata uzi mwembamba wa waridi kushuka kutoka kwenye kipande.

Vipande viwe sawa kwa ukubwa, maana eneo la nje ndilo mlango wa rangi. Asiye na kitoboleo cha maabara anaweza kutumia kipande cha antena ya redio ya zamani, kilichonolewa ukingo wake kwa tupa. Hutoa nguzo nyembamba za bitiruti zenye kipenyo kimoja, ambazo hukatwa kwa wembe katika urefu wa sentimita moja moja. Kila kipande huingizwa kwenye maji ya halijoto yake kwa dakika moja au mbili tu, kisha hutolewa na kuwekwa kwenye mrija wenye mililita 10 za maji ya kawaida kwa dakika 20 hadi 30. Mpango huu wa kupasha kwa muda mfupi na kisha kuachia rangi ivuje katika maji ya halijoto moja una sababu nzito: betanini yenyewe haivumilii moto. Ukiiacha muda mrefu katika nyuzi 80 huanza kuharibika na kugeuka rangi ya kahawia yenye umanjano, na mwanafunzi anayesoma kina cha wekundu ataona kana kwamba utando umejiziba upya kule juu, jambo lisilowezekana.

Utakachokiona, ukiosha vizuri, ni hiki: kutoka halijoto ya chumba hadi nyuzi 40 maji hubaki karibu meupe, kwenye 50 hupata waridi hafifu, kati ya 60 na 70 wekundu huongezeka kwa ghafla. Halijoto ya chumba, nikumbushe, si ile 25 inayoandikwa katika vitabu. Maabara yetu husoma 29 au 30 mwezi Februari, na kipimajoto kinapaswa kuaminiwa kuliko kitabu.

Sasa, rangi inasomwaje? Penye kolorimita, kifaa kinachopima mwanga unaonyonywa na rangi, tumia kichujio cha kijani, kwa kuwa betanini hunyonya zaidi mwanga wa kijani, karibu na nanomita 535. Pasipo kolorimita, tengeneza ngazi ya rangi, na hapa nina mbinu ambayo naipendekeza kwa moyo wote. Badala ya kuchemsha bitiruti ili kupata rangi kamili, igandishe. Weka kipande kimoja kilichooshwa kwenye friza usiku mmoja, kisha kiache kiyeyuke ndani ya mililita 10 za maji: fuwele za barafu huwa zimechana tando, na rangi nyingi sana humwagika bila kuunguzwa na moto. Maji hayo yape jina la 100. Changanya nusu yake na maji kiasi hichohicho upate 50, endelea hivyo upate 25, 12.5 na 6.25, panga mirija mbele ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, na mwanafunzi alinganishe mrija wake na ngazi hiyo. Kugandisha kwenyewe, bila shaka, ni nusu nyingine ya somo, kwa kuwa ni halijoto pia, na darasa ambalo limeona bitiruti ikivuja baada ya barafu halitaamini tena kwamba ni moto pekee unaoharibu utando.

Simu ya mwalimu nayo inaweza kusaidia. Piga picha ya mirija yote kwa pamoja, kwa mwanga uleule, kisha soma thamani ya kijani ya kila mrija katika programu yoyote ya picha. Kadiri rangi inavyokuwa nyingi ndivyo kijani kinavyopungua. Usahihi wake haufikii kolorimita, lakini hutoa namba, na namba huchorwa grafu.

Watu huniuliza kuhusu bogenvilia, kwa kuwa mitaa ya Tanga imejaa maua yake na hayanunuliwi. Ni kweli kwamba yale majani yake ya rangi, tunayoyaita maua, yana rangi za jamii moja na ya bitiruti, na mchicha mwekundu nao ni hivyohivyo. Lakini ni membamba, rangi yake ni kidogo kwa kila gramu, na hewa hunasa juu yake hadi yanaelea badala ya kuzama. Nimejaribu mara mbili. Yanafaa kwa onyesho, hayafai kwa kipimo. Kitunguu chekundu kina tatizo jingine: rangi yake ni anthosianini, ambayo hubadilika kwa uasidi wa maji, hivyo maji magumu ya kisima yanaweza kuigeuza ikaelekea buluu na kuharibu ulinganisho wote. Betanini ni tulivu zaidi katika maji yenye pH kati ya 3 na 7.

Njia ya chumvi

Njia hii ilizaliwa na baridi, si na joto. Mwaka 1930, na tena mwaka 1932, watafiti watatu wa Wisconsin nchini Marekani, Dexter, Tottingham na Graber, walitaka kujua ni aina gani za alfalfa, mmea wa malisho, zinazostahimili majira ya baridi. Waliigandisha mizizi, wakailoweka ndani ya maji, wakapima jinsi maji hayo yalivyopitisha umeme. Mzizi ulioumia uliachia chumvi nyingi, na maji yakapitisha umeme zaidi. Mzizi mgumu uliachia kidogo. Hadi leo watafiti wa mimea hutumia msingi huohuo kulinganisha mbegu zinazovumilia joto, ukame au baridi.

Kifaa chake ni kipima chumvi cha mfukoni, kama kile kinachotumiwa na wakulima wanaootesha mboga ndani ya maji yenye virutubisho, na husoma kwa maikrosimensi kwa sentimita, kizio cha jinsi maji yanavyopitisha umeme. Vipande vya jani vyenye ukubwa sawa, tuseme 10, huwekwa kwenye maji safi mililita 20 baada ya kupashwa, huachwa saa moja au zaidi, kisha maji husomwa. Baadaye mrija mzima, pamoja na vipande vyake, huchemshwa kwa dakika 20 ili seli zote zife, hupozwa, na maji husomwa tena. Masomo yote mawili yakishapunguzwa somo la maji matupu, la kwanza likigawanywa kwa la pili hukupa asilimia ya chumvi iliyovuja. Kwa mfano, maji matupu yakisoma 4, baada ya saa moja yakasoma 84, na baada ya kuchemsha yakasoma 404, basi kilichovuja ni 80 kati ya 400, yaani asilimia 20. Hesabu hii ndiyo fahari ya njia ya chumvi, kwa sababu kila kipande hujilinganisha na nafsi yake; hata kama jani moja lilikuwa nene na jingine jembamba, asilimia bado hulinganishika. Njia ya rangi haina ulinzi wa namna hiyo, isipokuwa ukigandisha kila kipande baada ya kukipima, jambo ambalo linawezekana lakini huongeza siku nzima.

Udhaifu wake ni maji. Maji ya bomba yenyewe yana chumvi nyingi kiasi kwamba kilichovuja kutoka kwenye jani hupotea ndani yake, kama kunong'ona katikati ya soko. Na maji ya visima vya karibu na bahari ndiyo mabaya zaidi. Unahitaji maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyotakaswa kwa kugeuzwa mvuke na kupozwa. Shule isiyo na mtambo wake inaweza kununua maji ya betri kwenye kituo cha mafuta, lakini mwalimu asome lebo kwa makini, kwa kuwa chupa ya asidi ya betri hukaa rafu moja na chupa ya maji ya kujazia, na ya kwanza huunguza ngozi na macho. Ukishanunua, chovya kipima chumvi kwanza: yakisoma tarakimu moja ni safi ya kutosha, yakisoma mamia yarudishe.

Udhaifu wa pili unatuhusu sisi wa pwani hasa. Upepo wa bahari huacha chumvi juu ya majani, na jani lililochumwa kwenye bustani iliyo karibu na bahari hupeleka chumvi hiyo moja kwa moja ndani ya mrija kabla utando haujaguswa na joto lolote. Lisuuze mara tatu kwa maji yaliyotoneshwa. Vidole navyo vina chumvi ya jasho, hivyo shika vipande kwa kibano. Na usisahau kwamba umeme hupita zaidi katika maji ya moto: kila nyuzi moja huongeza takriban asilimia 2, kwa hiyo mirija yote lazima irudi kwenye halijoto moja kabla ya kusomwa, hata kama kifaa chako kimeandikwa kwamba hujirekebisha chenyewe.

Kupata maji ya moto yasiyobadilika

Hapa njia zote mbili ziko sawa, na suluhisho ni chupa ya chai. Maabara yenye karai la umeme linalojidhibiti haina shida. Nyingine zote zina jiko la mkaa na sufuria, ambamo halijoto hupanda na kushuka bila kutulia. Chemsha maji, kisha changanya ndani ya chupa ya chai ya lita moja. Maji ya bomba yakiwa na nyuzi 28, mililita 170 za maji yanayochemka zikijazwa hadi lita moja kwa maji ya bomba hutoa karibu nyuzi 40. Mililita 310 hutoa 50. Mililita 440 hutoa 60. Mililita 580 hutoa 70. Ongeza maji ya moto kidogo kwa sababu mengine hupoa njiani, hakikisha kwa kipimajoto, funga, na chupa itashika halijoto yake kwa muda wote utakaouhitaji. Walimu wa Lushoto wabadilishe hesabu hiyo, kwani katika mwinuko wa mita 1,400 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, na maji yao ya bomba ni ya baridi kuliko yetu.

Swali la baridi

Rangi ya bitiruti haina la kusema kuhusu baridi isiyofikia barafu. Weka vipande kwenye nyuzi 5 kwa siku mbili na maji yatabaki meupe, kwa kuwa bitiruti ni mmea wa nchi za ubaridi na tando zake zimezoea. Lakini mimea yetu ya joto huumia kabla ya barafu. Kila aliyewahi kuweka ndizi kwenye friji ameona ganda lake likigeuka jeusi. Ndizi huanza kuumia ikishuka chini ya nyuzi 13 hivi, na ndiyo sababu meli zinazobeba ndizi husafiri na halijoto ya 13 hadi 14. Wataalamu wa fiziolojia ya mimea, akiwemo Lyons katika mapitio yake ya mwaka 1973, walieleza kwamba chanzo kimojawapo ni mafuta ya utando kukakamaa, kama yale ya nazi kule Lushoto, hadi protini zilizomo zinashindwa kufanya kazi na chumvi zinaanza kuvuja. Ganda la ndizi halina betanini. Chumvi pekee ndiyo inayoweza kusimulia habari hii.

Kuna mmea mwingine wa nyumbani ambao ningependa kila darasa la Tanga liufahamu. Saintpaulia, ua dogo la zambarau linalopandwa madirishani duniani kote, asili yake ni milima ya Usambara na maeneo ya jirani. Mbegu zake zilipelekwa Ujerumani na Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa eneo hili, na mwaka 1893 mwanabotania Hermann Wendland akaupa jina. Wapanda maua hujua kwamba ukilimwagia jani lake maji ya baridi hubaki na madoa meupe yasiyofutika. Si baridi yenyewe inayoliumiza, bali kushuka kwa halijoto kwa ghafla: utando wa vakuoli hupasuka katika seli zilizo chini ya uso wa jani, na uasidi uliokuwa umehifadhiwa humo humwagikia sehemu za seli zinazotengeneza chakula. Ni tukio lilelile tunalolitafuta kwa moto na bitiruti, likiletwa na tone moja la maji.

Upande wa pili kuna mkonge. Mimea ya jamii ya agave, ambayo mkonge ni mmojawapo, imeonekana kustahimili joto la nyuzi 60 na zaidi baada ya kuzoezwa polepole, kiwango ambacho huua majani ya mimea mingi. Mwanafunzi anayetaka mradi wenye sura ya mkoa huu alinganishe mkonge na mchicha kwa njia ya chumvi, katika nyuzi 45, 50, 55 na 60. Avae glavu anapokata mkonge, kwa kuwa utomvu wake huwasha vibaya.

Ni ipi basi?

Ikiwa una wanafunzi 60, kipindi cha dakika 80, na lengo lako ni kila mmoja aone kwa macho yake kwamba joto huvunja utando, chukua bitiruti bila kusita. Hakuna kifaa kitakachomfikishia kijana wa nyuma ya darasa ujumbe huo kama mrija mwekundu unaoinuliwa dirishani. Hata ukiwa na kipima chumvi kabatini, kifaa kimoja kinachopitishwa mikono 60 huacha wanafunzi 59 wakingoja.

Ikiwa ni mradi wa mwanafunzi mmoja au wawili, wenye muda wa wiki, na swali linahusu mmea usio na rangi, au kulinganisha mimea miwili, au madhara ya baridi, au joto la chini ya nyuzi 50 ambalo kwa mkulima ndilo lenye maana kubwa, chukua chumvi. Uwe tayari kununua maji na kurudia kila kipimo angalau mara tatu.

Na aliye na vyote viwili afanye kama tunavyofanya sasa: mirija ya bitiruti ileile, safari hii ikijazwa maji yaliyotoneshwa, isomwe kwa jicho, kisha ichovywe kipima chumvi. Mrija wa nyuzi 45 ndio ninaouweka mbele ya darasa. Maji yake ni meupe, na wanafunzi wote huandika kwamba hakuna kilichovuja. Kisha kipima chumvi huingizwa, namba hupanda kupita ile ya mrija wa halijoto ya chumba, na daftari hufunguliwa upya ili kufuta sentensi iliyoandikwa dakika moja iliyopita.